Tulivyotembea Hadi Ntoto

Mara ya kwanza tulipotoka kutembea pamoja, tuliwatisha watu.

Tulikuwa wanane. Ilikuwa asubuhi ya siku ya posho, ndivyo tunavyoiita Jumamosi huku Masisi, na tulikuwa tumekubaliana kupanda kilima kilicho nyuma ya parokia, kuvuka malisho ya ng'ombe, kisha kurudi kwa njia ya mtoni kabla jua halijawa kali. Kulikuwa na baridi, kwa hiyo tulienda haraka. Kwenye nyumba za kwanza, mama mmoja aliyekuwa akipepeta maharagi mlangoni alisimama, akatutazama kwa muda, akaweka ungo chini na kuingia ndani. Hatukumjali. Tulipofika juu na kugeuka kutazama bonde, tulimwona anakuja nyuma yetu nusu mbio, mtoto mgongoni, godoro kichwani, na watoto wengine wawili wakimfuata, mmoja amekumbatia sufuria. Nyuma yake zilikuja familia nyingine mbili.

Alipotufikia hakuweza kusema vizuri kwa kuhema. "Wamefika wapi?" akauliza.

"Nani, mama?"

"Wale munakimbia."

Mzee aliyekuwa akituongoza ndiye aliyemjibu. "Hatuko tunakimbia, mama. Tuko tunatembea tu."

"Munatembea kuenda wapi?"

"Hakuna. Tunatembea, kisha tunarudia nyumba."

Yule mama alimtazama kama mtu anayechezewa. Akashusha godoro kwenye majani yenye umande, akakaa juu yake, akaanza kulia. Alipomaliza kulia alitutukana, matusi ya polepole, ya mtu aliyechoka, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona kwamba hana haki. Tulimsaidia kubeba godoro hadi kwake. Matembezi yetu ya kwanza yaliishia hapo.

Nimefundisha shule ya msingi karibu maisha yangu yote, na hadi siku ile sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kwetu kundi la watu wazima wanaotembea haraka asubuhi lina maana moja tu. Tangu utoto wangu nilikuwa nimetembea sana, lakini kila mara nilikuwa na kitu kichwani: maji, kuni, kikapu cha viazi, ao vitu vya nyumba vilivyofungwa haraka ndani ya shuka. Kutembea mikono mitupu lilikuwa jambo la kujifunza.

Mzee aliyetuongoza alikuwa muuguzi mstaafu. Tulimwita Papa Munganga, ingawa hakuwa daktari na mwenyewe alipenda kutukumbusha hivyo. Alikuwa amewatibu watu wa milima yetu kwa miaka mingi, na alipostaafu aliona kwamba wagonjwa wake wa zamani wanakufa kwa tension ya damu na sukari, wamekaa nyumbani wakiogopa hata kwenda shambani. Akaanzisha matembezi. Baada ya aibu ile ya godoro aliweka sheria. Jumapili iliyotangulia, baada ya misa, njia yetu itatangazwa ili kila mtu ajue. Hakuna kubeba kitu mgongoni wala kichwani. Na kila nyumba tunayopita, tunasimama na kusalimia, hata kama inatuchelewesha. Baada ya miezi michache watu walituzoea. Watoto walitufuata hadi mwisho wa kijiji, na wazee wengine walitucheka kwamba tumekosa kazi.

Mimi nilijiunga kwa sababu nyumba yangu ilikuwa imekuwa kimya. Mume wangu alikuwa amefariki, na watoto walikuwa wameenda kusoma Goma. Siku za kazi nilikuwa na kelele za darasani. Siku ya posho nilikuwa naamka, nafagia ua uliokuwa safi tayari, kisha nakaa.

Katika mwezi wa tatu wa matembezi alikuja mama mmoja wa jamaa za wafugaji. Alikuwa mjane kama mimi, na umri wetu haukupishana sana. Watu walimwita Mama wa Maziwa, kwa sababu kila asubuhi alishuka na bidoni zake mbili za maziwa kutoka malishoni hadi sokoni. Siku ya kutembea alikuwa ameshatembea mwendo wa saa mbili kabla sisi hatujafunga viatu, na bado alitupita wote. Alivaa mabuti ya mpira na kikwembe kilichofungwa juu ya magoti, na alipanda kilima bila kufungua mdomo.

Sikufurahi alipokuja. Shamba la baba yangu lilipakana na malisho ya baba mkwe wake. Tangu nikiwa mdogo nilisikia habari za ng'ombe walioingia kwenye maharagi yetu, na nina hakika nyumbani kwao walisikia habari za ng'ombe waliokatwa mapanga kwenye mpaka wetu. Wazee wale wawili walipelekana kwa chefu, mtawala wa kimila, mara nyingi hadi wote wakafa, kila mmoja akiamini ameonewa. Mimi na yeye tulisalimiana kama watu wanaosalimiana kwa sababu wengine wanatazama.

Umbali huo ulianza kupungua siku moja ya mvua. Tulikuwa tunashuka mteremko mkali wa nyasi, na mimi nilianguka mara mbili. Mara ya tatu alirudi juu, akanishika mkono.

"Usiteremuke kama muntu anashuka ngazi," akaniambia. "Geuza mwili upande. Kunja magoti. Weka kisigino kwanza."

Nilifanya hivyo. Mkono wake ulikuwa mgumu na ulinukia samli. Hakuuachia hadi tulipofika chini, na mimi sikuuondoa. Toka siku hiyo nilitembea karibu naye. Hatukuzungumza mengi. Alijua kila aina ya majani na alijua ni yapi yanaharibu maziwa. Mimi nilijua shamba lipi lilikuwa la nani zamani, lakini hayo sikuyasema mbele yake.

Kila siku ya posho ya mwisho wa mwezi tulikula pamoja nyumbani kwa mmoja wetu. Kwangu nilipika bugali, sombe ya majani ya mihogo na samaki wadogo wa ziwani. Kwa fundi wa kushona, mama mnene mwenye vicheko aliyekuwa mmoja wetu, tulikula ndizi na nyama ya mbuzi. Zamu ya Mama wa Maziwa ilipofika, niliingia kwa mara ya kwanza katika nyumba ambayo nilikuwa nimeiona kutoka upande wa pili wa mpaka maisha yangu yote. Ilikuwa nyumba ya mbao, sakafu imesuguliwa, picha ya Bikira Maria ukutani, na kalenda ya mwaka uliopita aliyoiacha kwa sababu ya picha yake ya maua. Alitupa viazi vya moto, foromaji, ile jibini ya kwetu, na maziwa ya mgando ndani ya vikombe vikubwa.

Tuliposhiba, Papa Munganga aliuliza swali kwa kuchekesha tu. "Nani kati yetu alitembea mbali zaidi katika maisha yake?"

Motari mmoja wa kundi letu, dereva wa pikipiki aliyekuwa amewahi kufanya kazi Mubi akipeleka wafanyabiashara kwenye njia za machimbo, alisema yeye alisukuma pikipiki iliyokufa katikati ya msitu siku nzima. Tulicheka. Kisha fundi wa kushona akasema alitembea siku sita na mimba ya miezi minane, na kicheko kikaisha. Baada yake kila mmoja aliposema, alikuwa anasimulia jinsi alivyokimbia. Hatukuwa na safari nyingine za kusimulia.

Zamu yangu ilipofika niliwaambia jambo ambalo sikuwa nimewaambia hata watoto wangu vizuri. Nilikuwa msichana wa sekondari. Tulishuka kutoka milimani hadi msitu wa Walikale, mama yangu akiwa na homa tangu siku ya kwanza. Karibu na Ntoto alikaa chini kando ya kijito na hakuweza kusimama tena. Alikufa asubuhi. Mjomba wangu alimzika ndani ya kikwembe chake, karibu na jiwe kubwa, na mchana huohuo tukaendelea mbele kwa sababu wengine walikuwa wanaendelea. Nilipofika hapo katika masimulizi niliishia, maana hayakuwa na sehemu nyingine.

Mama wa Maziwa alikuwa amesimama na jagi mkononi. "Sisi tulikimbia upande mwingine," alisema. "Mwaka uleule."

Wote tulielewa. Mwaka ule watu wake na watu wangu walikuwa wanakimbiana. Hakusema nani alimpoteza, na hakuna aliyemuuliza. Alizunguka akaongeza maziwa katika kila kikombe, hata vile ambavyo havijaisha.

Tulipokuwa tunaaga, Papa Munganga alinivuta kando. "Mwalimu, ile kaburi ulisharudia kuiona?"

"Hapana, Papa. Hata siku moja."

"Basi tutaenda."

Nilidhani ni maneno ya kunifariji. Lakini alianza kuulizia njia kwa motari waliotoka Ntoto na Mubi, wiki baada ya wiki. Alipata barua kutoka kwa chefu inayosema sisi ni watu wa parokia na tunaenda kuombea marehemu. Tulingoja hadi jua la mwezi wa saba lilipokausha njia na habari za upande ule zikawa na utulivu. Kati ya wote, tulijitokeza watano: Papa Munganga, motari, fundi wa kushona, mimi, na Mama wa Maziwa.

Nilikwenda kwake peke yangu kumzuia. Nilimkuta anaosha bidoni.

"Dada," nikasema, "ile njia si muzuri kwako."

"Si muzuri kwangu mimi peke yangu?"

Aligeuza bidoni ili maji yatoke.

"Ulikula kwangu," alisema. "Ulituambia juu ya mama yako ukiwa umekaa kwenye kiti changu. Nitaenda."

Tuliondoka siku ya pili ya likizo. Siku ya kwanza ilikuwa kama matembezi yetu ya kawaida, ila ndefu zaidi: malisho, miti ya mikaratusi, vijiji ambako tulisimama kusalimia kwa sheria yetu ya zamani. Tulilala katika kanisa dogo la udongo, na katekista wake alitupa mikeka bila maswali mengi. Siku ya pili milima ilianza kushuka, hewa ikawa nzito na yenye joto, na majani yakaacha nafasi kwa miti. Motari alituonyesha nyayo za watu waliotangulia kwenye tope. Fundi wa kushona aliimba nyimbo za kanisani hadi pumzi ikamwishia. Mimi nilitafuta kitu ninachokikumbuka na sikukiona, kwa sababu nilipopita pale mara ya kwanza nilikuwa natazama mgongo wa mama yangu tu.

Kabla ya saa sita tulifika kwenye bariere. Ilikuwa gogo moja lililolazwa njiani, na kibanda cha majani kando yake. Vijana watatu wenye silaha walikuwa wamekaa kivulini. Papa Munganga alitoa barua ya chefu. Mmoja wao aliisoma kwa kidole, akairudisha, akaanza kututazama uso kwa uso.

Alipofika kwa Mama wa Maziwa alisimama. "Na wewe, mama, uko wa wapi?"

"Wa Masisi. Kama hawa."

"Masisi iko mukubwa."

Mama wa Maziwa alikuwa amesimama wima, mikono imeshika mafundo ya kikwembe. Yule kijana alimtazama mwili mzima, urefu wake, uso wake, na wote tulijua anachotafuta. Kisha akanigeukia mimi. Labda nilifanana na mtu wa kwao. Aliniongelesha kwa Kihunde, lugha yetu, kwa heshima, kama mtoto anayesema na dada ya baba yake.

"Shangazi, huyu munamujua?"

Lilikuwa swali jepesi. Nilikuwa nimetembea na yule mwanamke kwa zaidi ya mwaka. Nilijua viazi vyake, nilijua jinsi anavyokohoa akifika juu ya kilima, nilijua mkono wake. Nilifungua mdomo, na sauti haikutoka. Nilimwona mama yangu amekaa kando ya kijito. Niliona mikono ya yule kijana juu ya silaha. Nikainamisha macho nikatazama viatu vyangu, na nikabaki hivyo.

Sijui ilikuwa muda gani. Papa Munganga ndiye aliyesema, kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia kumwambia mtu anywe dawa.

"Huyu ni muntu wetu. Tunatembea naye kila posho. Kama anabaki hapa, na sisi tunabaki."

Akakaa juu ya gogo lao. Motari akakaa karibu naye. Fundi wa kushona akakaa, akafunua kikapu na kuanza kupanga mandazi kwenye kitambaa kama mtu aliyefika sokoni. Mimi nilikaa wa mwisho.

Vijana walitazamana. Mmoja alicheka, akachukua andazi, kisha mwingine akachukua. Yule aliyeniuliza aliendelea kunitazama, na nafikiri aliona yote. Mwishowe alipiga mkono hewani. "Pitieni. Muna fujo, nyinyi wazee."

Tulipita. Mama wa Maziwa alikwenda mbele kwa mwendo wake wa kupanda mlima, ingawa njia ilikuwa tambarare, na mimi sikuweza kumfikia. Nilimfikia tulipofika mtoni, kwa sababu alisimama kunawa uso. Wengine walijifanya wanatafuta mahali pa kuvukia.

"Dada," nikasema. "Nilinyamaza."

"Nilisikia."

"Niliogopa."

"Na mimi niliogopa." Alikamua kitambaa chake hadi maji yakaisha, akaendelea kukikamua. "Lakini mimi sikukuwa na mahali pa kuangalia pengine. Wewe uliangalia chini."

Nilimwambia anisamehe. Alisema ndiyo, lakini alisema kama mtu anayepokea kitu ili mikono ya mwenzake iwe huru. Kisha akaingia majini na kuvuka. Sikumlaumu. Niliona kwamba nilikuwa nimeomba upesi mno, kwa faida yangu mwenyewe.

Tulifika Ntoto mchana. Ni kijiji cha mashamba na vibanda vichache vya chumvi, sabuni na mafuta ya mawese. Nilidhani nitasimama tu na miguu itakumbuka. Haikukumbuka. Palipokuwa msitu pamekuwa mashamba ya mihogo. Tulifuata kijito kimoja, tukarudi, tukafuata kingine. Hatimaye nililiona jiwe. Lilikuwa dogo kuliko nilivyolibeba kichwani miaka yote ile, lakini lilikuwa na ufa uleule, kama mdomo uliofumbwa vibaya.

Mama mmoja mzee alikuwa akipalilia karibu. Tulimsalimia, nikamweleza shida yetu.

"Eeh," alisema, akijinyoosha mgongo. "Wale wageni wa mwaka ule. Wako hapa, pembeni ya jiwe. Hatulimaka pale."

Alituonyesha. Kulikuwa na vichuguu vinne vya udongo, vimelala chini ya majani marefu, viwili karibu ya jiwe, kimoja kila upande, na viwili vingine mbele kidogo. Mimi nilikumbuka kaburi moja. Mama yangu alikuwa peke yake tulipomwacha. Kumbe baada yetu walipita wengine, nao wakachagua jiwe lilelile.

"Ni ipi?" motari akaniuliza.

Nilijaribu kumweka mjomba wangu pale na jembe la kuazima, jua lilikotoka, mahali nilipokaa mimi. Mara ilikuwa upande wa kushoto. Mara upande wa kulia. Nilizunguka jiwe mara tatu, wenzangu wanne wakinitazama, na nikaanza kuona aibu ya mtoto asiyemjua mama yake.

"Sijui," nikasema.

Mama wa Maziwa alimwendea mwenye shamba. "Mama, unaniazima jembe?" Alipopewa alirudi, akavua mabuti, akainama kwenye kichuguu cha kwanza. Hakunitazama. "Basi tutengeneze zote," alisema.

Tulifanya kazi hadi jua lilipoegemea. Mwenye shamba alileta jembe la pili na panga. Tulikata majani, tukang'oa mizizi, tukapandisha udongo kwa mikono. Mama wa Maziwa alikuwa mwepesi kuliko sote, na alipofika kwenye kaburi la nne nilipiga magoti upande wa pili nikalisafisha pamoja naye. Mara moja vidole vyetu viligongana ndani ya udongo. Nilimwona anasimamisha mkono, midomo yake ikisema jina ambalo sikulisikia. Ndipo nilipofahamu kwamba na yeye alikuwa na mtu wake aliyelala kando ya njia fulani, upande wao, na kwamba huko hakuna aliyetembea naye. Nilitaka kumuuliza. Sikumuuliza, nilichukua majani aliyoyang'oa nikayapeleka mbali.

Papa Munganga alisali mbele ya makaburi yote manne. Nilimwita mama yangu kwa Kihunde, kwa jina ambalo baba alimwita, na nikamwambia habari za watoto. Sikulia pale. Nililia baadaye, nyumbani kwa yule mama mzee, alipoweka mihogo mbele yangu na kusema nile kwanza, nisimame na nguvu. Ilikuwa sauti ya kawaida kabisa.

Katika njia ya kurudi nilijitayarisha. Tangu alfajiri nilirudia maneno moyoni: Huyu ni dada yangu, tumetoka naye nyumbani, tunarudi naye. Nilitembea mbele ya wote, na tulipokaribia bariere niliongeza mwendo ili niwe wa kwanza kuulizwa. Hapakuwa na mtu. Kibanda kilikuwa kitupu, majivu yamepoa, na gogo lilikuwa limesukumwa kando ya njia. Nilisimama pale na maneno yangu. Mama wa Maziwa alinipita, akaruka mtaro, akaendelea.

Tulirudi nyumbani salama, na kundi likaendelea. Yeye alikuja kila siku ya posho kama zamani. Alinishika mkono kwenye miteremko. Lakini kulikuwa na kitu alichokiweka mahali nisipoweza kukifikia, na nilijifunza kutembea nacho katikati yetu.

Mwaka uliofuata vita vilipanda tena katika milima yetu. Mara ya mwisho tulipotembea kundi zima, tuligeuzwa nusu ya njia na watu waliokuwa wanashuka na magodoro. Safari hii hawakuwa wamekosea. Mama wa Maziwa aliondoka siku ileile na binti yake. Aliacha ng'ombe wengine malishoni, na wale aliokwenda nao walichukuliwa njiani. Hakupita kwangu kuniaga. Hakuwa na nafasi, na mimi pia nilikuwa nafunga vitu vyangu. Niliporudi miezi kadhaa baadaye, wawili wa kundi letu hawakurudi kabisa. Papa Munganga alirudi, lakini moyo ulikuwa umemchoka. Alitembea hadi parokia na kurudi, akihesabu kuwa ni matembezi.

Nilimwona tena Mama wa Maziwa pale Kirotshe. Nilikuwa nimemsindikiza Papa Munganga hospitali, na fundi wa kushona alikuwa ameniambia kwamba anaishi huko, karibu ya ziwa. Nilimkuta ameinama kwenye shamba dogo la kukodi, anapanda vitunguu. Sikuwahi kufikiri nitamwona na jembe kwa kazi ya kila siku. Alinyooka, akafuta mikono, na tukakumbatiana muda mrefu kuliko tulivyowahi kukumbatiana Masisi.

"Papa Munganga iko vipi?" aliuliza.

"Iko analala sana. Madaktari wanasema angoje."

"Nitapeleka yeye uji kesho."

Tulitembea kwa njia ya ufukweni hadi kwake, polepole, kwa sababu mimi sasa nina goti bovu. Hatukuongea juu ya bariere. Nilikuwa nimekuja na nia ya kulisema jambo lile upya, bila haraka ya mtoni. Lakini nilipoanza kwa kusema, "Dada, siku ile," yeye aliweka mkono wake juu ya wangu.

"Siku ile ulikuwa na kaburi la mama yako mbele," alisema. "Nilikasirika miezi mingi. Kisha nilijiuliza: kama ni mimi niliulizwa na vijana wa upande wetu, ningesema nini? Nilitafuta jibu. Bado natafuta."

Kwake kulikuwa na chumba kimoja, safi, na viti viwili vya plastiki. Aliwasha moto, akaweka viazi. Aliniuliza habari za malisho yake, nami nikamwambia ukweli, kwa sababu nilikuwa nimechoka kunyamaza mbele yake. Nilimwambia mbao za nyumba zilichukuliwa, zote, hata za sakafu. Nilimwambia kuna watu wamelima maharagi hadi karibu ya kisima. Nilimwambia kwamba baadhi yao ni wa ukoo wangu, kwamba nimewaambia waondoke na hawakunisikiliza, na kwamba kesi nimeipeleka kwa chefu kwa jina lake.

Alisikiliza hadi mwisho, macho kwenye moto. Kisha alitoa viazi sufuriani, akavimenya kimoja kimoja kwa vidole bila kuogopa moto, akanisogezea sahani.

"Kula," alisema. "Vinapoa."